Uzito wa Mbuyu Umetoka Wapi?

Ukitoka Dodoma mjini kwenda Mvumi utapita mibuyu minene, watu kadhaa wakishikana mikono hawamalizi kulizunguka shina moja. Kabla sijawaambia wanafunzi wangu wa kidato cha kwanza wafungue kitabu cha baiolojia, huwauliza swali kuhusu miti hiyo. Mbegu ya mbuyu ni ile tunayoimung'unya na kuitema tukila ubuyu. Haizidi ukubwa wa harage. Mti uliotoka humo una uzito wa matani. Hayo matani yametoka wapi?

Mikono hunyooka haraka. "Kwenye udongo, mwalimu." "Kwenye mbolea." "Kwenye maji." Nawaacha wabishane kidogo, halafu nawauliza: kama ni udongo, shimo liko wapi? Mti ungekuwa unakula ardhi, chini ya kila mbuyu wa Ugogo pangekuwa na shimo la kutumbukia trekta. Hakuna shimo. Hapo darasa hunyamaza, watoto wanaanza kutazamana, na mimi najua somo limeanza.

Naandika haya kwa wanafunzi, wazazi na walimu wenzangu kwa sababu inaniuma kuona somo hili likigeuzwa orodha ya majina. Mtoto anachora seli vizuri, anaandika majina ya sehemu zake zote pembeni, lakini hawezi kukueleza ugali aliokula jana umekwenda wapi. Anapata alama zake, anamaliza shule, somo linabaki kwenye daftari. Wakati baiolojia ya mwanzo inasimama juu ya mawazo machache mno, na karibu yote utayafikia ukifuata maada yenyewe, yaani kile ambacho vitu vimejengwa nacho: imetoka wapi, imepita wapi, inakwenda wapi, na ni nini kinachoielekeza njiani.

Mtu anayekumbukwa kwa kulipima swali la mti kwa mizani ni Jan Baptist van Helmont, daktari wa Brussels. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Alikausha udongo, akapima ratili 200, ambazo kwa vipimo vya leo ni karibu kilo 90, akautia kwenye chombo na kupanda mche wa ratili 5 wa mti wa Ulaya uitwao willow. Kwa miaka 5 aliumwagilia maji tu. Mwishowe mti ulifika ratili 169, kama kilo 77. Akaukausha udongo tena na kuupima: ulikuwa umepungua gramu 60 hivi.

Alihitimisha kwamba mti umejengwa kwa maji. Hakupatia, lakini alikuwa amepima, na kwa kupima alikuwa ameshaliondoa jibu la udongo ambalo watu walilishikilia kwa karne nyingi. Kinachonigusa zaidi ni kwamba jibu lililobaki alikuwa amelishika mwenyewe. Huyuhuyu van Helmont alichoma ratili 62 za mkaa, akabaki na ratili 1 ya majivu, akasema ratili 61 zimeondoka zikiwa hewa isiyoonekana. Hakuiunganisha ile hewa ya mkaa na ule mti wake.

Sisi mkaa tunao, kwa hiyo jaribio hili la pili ndilo ninalowapa wanafunzi. Tunapima kilo moja ya mkaa kwa mizani ya dukani, tunawasha jiko nje ya darasa, maharage ya walimu yanaiva juu yake. Jioni tunakusanya majivu yote. Yanaingia kwenye kiganja cha mtoto mmoja. Nawauliza: kilichobaki kimekwenda wapi? Wanasema hewani, maana hakuna mahali pengine pa kwenda. Haya, na kabla hakijawa mkaa kilikuwa mti. Kabla hakijawa mti kilikuwa wapi?

Kuna watoto ambao nimewaona wakishika kichwa kwa mikono miwili wakati huo.

Mti umejengwa kwa hewa na maji. Ukiukausha kuni zikawa kavu kabisa, karibu nusu ya uzito unaobaki ni kaboni, na kaboni hiyo iliingia kupitia majani ikiwa kabonidayoksaidi, gesi ambayo ni asilimia 0.04 hivi tu ya hewa inayotuzunguka. Udongo umechangia chumvichumvi, ndiyo yale majivu kiganjani. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba kazi hii inafanywa na sehemu za kijani tena palipo na mwanga, na mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure alipima kwa uangalifu akathibitisha kwamba uzito unaoongezeka unatokana na kaboni ya hewani pamoja na maji. Mtoto aliyejibu "jua" naye nampa haki yake, ila namwomba atenganishe mambo mawili. Mwanga hauongezi kilo kwenye mti. Unatoa nguvu ya kuzifunga hizo chembe pamoja ziwe sukari, na nguvu hiyo inabaki imefungwa humo hadi mtu, mchwa au moto aifungue. Maada huzunguka na kurudi. Nguvu hupita mara moja, ikaishia kuwa joto linalopotea. Anayeishika tofauti hiyo amepata kitu kitakachomsaidia hadi chuo kikuu.

Sasa njoo kwenye tatizo letu la Dodoma. Ili jani lipate kaboni lazima lifungue vitundu vyake, vile vinavyoitwa stomata, na kitundu kikiwa wazi maji yanatoka. Ni hali ya mwenye duka wa barabara ya vumbi: akifungua mlango ili auze, vumbi linaingia, akifunga, hauzi. Mmea unaofunga vitundu vyake mchana kutwa hautakufa kwa kiu haraka, lakini hautakua. Mvua zetu zinaanza Desemba na kuishia Aprili, katikati yake kuna wiki za ukame zisizotabirika, na kila mmea unaolimwa hapa una namna yake ya kuamua lini ufungue na lini ufunge.

Mahindi na mtama wote wana mtambo uleule mzuri wa kukusanya kaboni kwenye jani, kwa hiyo tofauti yao tuitafute kwingine. Jani la mtama lina nta; pitisha kidole utaona unga mweupe. Mizizi yake inachimba mbali. Ukame ukikaza, mtama unajikunja na kusimama, mvua ikirudi unaendelea. Mahindi yana siku zao za hatari. Chavua hutoka kwenye mbelewele kule juu, na lazima ianguke kwenye zile nywele za hindi bichi. Kila unywele umeunganishwa na punje moja tu. Jua likiwaka wiki hiyo, nywele zinachelewa kutoka na chavua inamwagika bila kupokelewa. Menya hindi la shamba lililopigwa na ukame utakuta gunzi lenye punje tatu hapa, mbili pale, na mapengo kila upande. Kila pengo ni unywele uliochelewa. Mwanafunzi akilishika gunzi hilo mkononi hahitaji kukariri kwamba umbo na kazi ya kiungo vinakwenda pamoja.

Kuna kosa moja linalorudi kila mwaka kwenye mitihani, na nitalikawilia kwa sababu linaharibu mengi mbele ya safari. Wanafunzi wanaandika kwamba wanyama wanapumua na mimea inafanya usanisinuru, yaani ile kazi ya kutengeneza sukari kwa mwanga, basi, kila mmoja na lake. Mimea inapumua pia, usiku na mchana, katika kila seli iliyo hai. Sukari iliyotengenezwa juani lazima ivunjwe polepole ili nguvu yake itumike. Kulieleza hilo ubaoni ni kupoteza muda. Mimi nawapeleka kwa bibi mmoja jirani na shule anayetengeneza kimea cha uwele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea tena hao wajukuu waje wanichafulie kimea?"

"Watanawa mikono, bibi. Nataka waguse tu."

Uwele ulioloweshwa amekwisha kuutandaza na kuufunika kwa gunia, umeanza kutoa vimizizi vyeupe. Mtoto anaingiza mkono chini ya gunia na kuutoa kwa mshangao: kuna joto. Hakuna moto, hakuna jua, pale ni gizani. Joto hilo ni punje zenyewe zinapumua, zinavunja wanga waliowekewa na mama yao ili zipate nguvu ya kuota. Ukikausha kimea na kukipima, utakuta kimepungukiwa ukilinganisha na uwele uliolowekwa. Kilichopungua kimetoka kikiwa kabonidayoksaidi na maji. Sisi nasi tunafanya hivyohivyo. Mtu akikonda, mafuta yake mengi yametoka puani na mdomoni akiwa anapumua, wala hayakugeuka jasho tu kama wengi wanavyoamini.

Tunaomba unga kidogo wa kimea, tunarudi nao shule. Tunapika uji mzito wa kusimamisha mwiko, tunauacha upoe hadi uweze kuuonja bila kuungua, tunaugawa kwenye bakuli mbili. Bakuli moja inapata kijiko cha kimea, ya pili inapata kimea kilichochemshwa kwanza. Tunakoroga. Baada ya dakika chache uji wa bakuli la kwanza unamiminika na umeanza kuwa mtamu. Wa pili umesimama vilevile. Tone la ayodini linamaliza ubishi: bakuli la pili linakuwa buluu nyeusi, la kwanza rangi inafifia kadiri tunavyosubiri, maana wanga unaisha. Kilichofanya kazi ni kimeng'enya, protini iliyokunjwa kwa umbo maalumu linaloweza kuushika wanga na kuukata. Kuchemsha kumelivuruga umbo, kazi imekwisha. Akina mama wa Kanda ya Kati wanalijua hili tangu zamani. Wanajua kimea hakitiwi kwenye uji unaotokota. Ninapenda wanafunzi waelewe kwamba maarifa ya bibi na maarifa ya maabara yanazungumzia kitu kilekile.

Wafugaji nao wana lao. Mwanafunzi aliyekulia zizini ukimuuliza kama ng'ombe waachiwe kwenye mtama mchanga atakukatalia palepale, hasa machipukizi yaliyotoka baada ya ukame. Ng'ombe akila anaweza kuanguka na kufa muda mfupi tu. Majani machanga ya mtama yana kemikali ambayo ikitafunwa inatoa sianidi, sumu kali. (Punje kavu iliyokomaa haina tatizo hilo, ugali wa mtama ule bila hofu.) Sianidi inakwenda kwenye mitokondria, sehemu za seli zinakofanyika upumuaji, na kuziba hatua ya mwisho ya upumuaji, pale oksijeni inapotumika. Mnyama anavuta hewa, mapafu ni mazima, damu imejaa oksijeni na kwa sababu hiyo inaonekana nyekundu ya kung'aa, lakini seli haziwezi kuitumia. Anakosa pumzi akiwa katikati ya hewa. Sijapata mfano unaoonyesha vizuri zaidi tofauti kati ya kuvuta hewa na kupumua kwa seli.

Nimesema udongo hauchangii uzito mkubwa, sasa niutetee. Mmea ukikosa naitrojeni hauwezi kutengeneza protini, hata kaboni iwe tele. Hewa ni naitrojeni kwa asilimia 78, lakini mmea peke yake hauwezi kuigusa. Ng'oa kunde au karanga iliyoanza kutoa maua, kwa upole, usikate mizizi. Utaona vinundu vidogo. Humo wamo bakteria, raizobia, wanaoishika naitrojeni ya hewani na kuupa mmea, na mmea unawalipa sukari. Pasua kinundu kwa ukucha. Kikiwa hai na kinafanya kazi, ndani ni rangi ya waridi, karibu na damu. Wanafunzi wanashtuka, na wana haki: rangi ile inatokana na protini ya ukoo mmoja na himoglobini iliyomo kwenye damu yao. Ndani ya kinundu inaishikilia oksijeni ili isiharibu mtambo wa bakteria. Ndani yetu inaibeba oksijeni kutoka mapafuni. Mzizi wa kunde na mwili wa mtoto anayeupasua vina protini yenye asili moja, iliyorithiwa kutoka kwa viumbe wa kale mno na kubadilishwa kidogokidogo kila ukoo kwa njia yake. Mtu anaweza kusoma ukurasa mzima kuhusu mageuko asiamini, lakini kinundu kilichopasuliwa kinamfanya aulize maswali ya maana.

Na kwa kuwa tumeifikia himoglobini, lazima nizungumzie sikoseli. Karibu kila mwaka ninaye mwanafunzi anayeugua, na nyumbani kwao mara nyingi kuna mtu aliyelaumiwa, kwa kawaida mama. Himoglobini inaundwa kwa maelekezo yaliyoandikwa kwenye vinasaba. Katika mnyororo wake mmoja wenye asidi amino 146, yaani vipande vinavyounda protini, mgonjwa wa sikoseli ana tofauti kwenye nafasi ya 6 tu: pale pa asidi glutamiki pamekaa valini. Vernon Ingram ndiye aliyeionyesha tofauti hiyo katika miaka ya 1956 na 1957. Badiliko hilo dogo linafanya himoglobini ishikamane ikikosa oksijeni, chembe nyekundu inapinda, mishipa midogo inaziba, mtoto analia kwa maumivu ya mifupa. Maelekezo, protini, umbo, chembe, mwili mzima wa mtoto, vyote vimefuatana kwenye mstari mmoja.

Mgonjwa amepokea maelekezo hayo kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, nusu kwa nusu. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wasiougua, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuzaa mtoto mgonjwa, bila kujali waliotangulia. Hakuna aliyeroga na hakuna ukoo wa kulaumiwa. Nalisema hili kwa sauti darasani, nikijua kuna mtu atalipeleka nyumbani.

Kwa nini jambo linaloua watoto halikutoweka? Anthony Allison alichapisha jibu mwaka 1954, kutokana na utafiti alioufanya hapa Afrika Mashariki: mbebaji mwenye nakala moja tu ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Palipo na malaria, wabebaji walipona na kuzaa zaidi kuliko wenzao, na nakala hiyo ikaongezeka. Ninawasihi wanafunzi wawe makini na mpangilio wa matukio. Malaria haikuwapa watu badiliko hilo kwa kuwa walilihitaji. Badiliko lilitokea lenyewe, bila lengo, kisha malaria ikachuja. Mbu wanaostahimili dawa za kunyunyizia wametokea kwa njia hiyohiyo, na mwanafunzi aliyeielewa sikoseli hashindwi kuelewa habari ya mbu.

Kutoka kwenye asidi amino moja nawapeleka wanafunzi Kondoa, na huwa wanadhani tumehamia jiografia. Vilima vya Kondoa Irangi vilikuwa vimeliwa na mmomonyoko, makorongo marefu, mito imejaa mchanga. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, wakachimba makingamaji na kupanda miti. Mwaka 1979 uamuzi mkali ulichukuliwa: mifugo yote iondolewe kwenye eneo lililoharibika. Nyasi zilirudi, vichaka vikarudi, mizizi ikaushika udongo, maji ya mvua yakaanza kuzama badala ya kukimbia na ardhi. Wataalamu wengi walikuja kuona jinsi nchi inavyoweza kupona ikiachwa ipumzike.

Wanafunzi wanaifurahia sehemu hiyo, na mimi pia. Lakini nawataka wafuate maada mpaka mwisho. Maziwa yaliyokuwa yakinywewa na watoto wa Kondoa yalitoka kwa ng'ombe hao. Samadi iliyokwenda mashambani ilitoka kwa ng'ombe hao, na ndani yake naitrojeni na fosforasi ambazo nyasi zilikuwa zimezikusanya kutoka eneo pana. Mifugo ilipoondoka, hivyo navyo viliondoka. Familia zilizotegemea maziwa na samadi zilibeba mzigo ambao picha za vilima vya kijani hazionyeshi. Baadaye kukaja utaratibu wa kufuga ndani, ng'ombe wachache, nyasi zinakatwa na kuletwa zizini, samadi inarudi shambani. Na hapo mzunguko ukaanza kuunganika tena.

Nawapa kazi ya kuchora ramani ya eneo lile na mishale: mvua inaingia, mchanga unatoka, kaboni inaingia, maziwa yanatoka. Karibu wote wanaishia kwenye mpaka wa ramani. Kila mwaka huwa kuna mmoja, mara nyingi mtoto wa mfugaji, anayenyoosha mkono na kuuliza: "Mwalimu, hao ng'ombe wa mwaka 1979 walipelekwa wapi, na huko walikula nini?" Naacha kila kitu kingine, namwambia aje ubaoni auchore mshale unaotoka nje ya ramani, na kipindi kilichobaki tunautumia kujadili ardhi ile ya pili.